Febe na Honi ya Zandekerke

Zandekerke, kijiji cha Ubelgiji, ukisema "mbio" umesema baiskeli, basi, hakuna mtu wa kukuuliza mbio zipi. Mtoto akizaliwa huulizwa hali yake, kisha huangaliwa mapaja. Kwa hiyo Febe Casteleyn, alipoanza kupelekwa kuteleza kwenye barafu akiwa bado hajui kusoma, watu wa baa ya mjomba wake walimtazama kama mtu aliyetangaza kwamba hali viazi.

"Huko kwenye barafu mnakwenda kilomita ngapi?" mzee Cyriel alimuuliza kutoka kwenye kiti chake cha kila siku.

"Hatuendi mbali. Tunazunguka tu."

"Mnazunguka, halafu?"

"Tunaruka."

"Halafu?"

"Waamuzi wanatupa alama."

Cyriel akaigeukia bia yake. "Alama! Yaani hata mstari wa kumalizia hakuna. Maskini mtoto."

Mwenye baa ni Odiel, kaka wa mama yake Febe, mwenyekiti wa mashabiki wa kijiji. Kwa miaka mingi walikuwa na mwendesha baiskeli wao wenyewe, kijana wa hapohapo, wakamfuata kila kilima na kila barabara ya mawe. Kisha magoti yakamkatalia, akastaafu, akaanza kuuza mabomba ya bafuni. Wakabaki na basi, bendera, ndoo za rangi nyeupe za kuandikia jina lake barabarani, na honi. Honi hiyo jamani! Ilitoka kwenye lori bovu, Odiel akaifungia mtungi wa hewa. Ikilia, ng'ombe wa jirani wanaacha kula.

Basi Febe akatwaa ubingwa wa watoto wa Ubelgiji, picha yake ikatoka gazetini. Odiel aliikata akaibandika juu ya bomba la bia. "Basi tunalo, bendera tunazo, na sasa mtu tunaye," akasema. "Tunangoja nini?"

Mama yake Febe, Rozane, muuguzi, mtu wa maneno machache, alijaribu kumtuliza. "Kaka, barafu si baiskeli."

"Shabiki ni shabiki, Rozane. Kushangilia ni kushangilia."

Jioni hiyohiyo wakaandika FEBE kwa herufi kubwa nyeupe kwenye barabara ya kutokea kijijini, kama wanavyoandikiwa waendesha baiskeli. Febe alitoka nje kuangalia, akasimama juu ya jina lake mwenyewe. Kwa furaha akaikanyaga herufi moja moja, akicheka.

Safari ya kwanza ya nje, Febe akiwa na miaka kumi na minne, ilikuwa Ostrava, mashindano ya vijana. Basi zima lilikwenda. Waliingia ukumbini na bendera zao na mikate yao ya nyama, wakaketi katikati ya watu walionyamaza kama wamo kanisani. Febe alianza vizuri. Akafika mahali pa mruko wake mkubwa, wa mizunguko mitatu, akawa anateleza kinyumenyume, ukumbi mzima umeshika pumzi.

Sasa, kwenye baiskeli, mtu wako akianza kupanda kilima ndipo unapopaza sauti, ukinyamaza unakuwa umemtupa. Odiel aliona mpwa wake yuko kwenye kilima. Akaipuliza honi.

Febe alianguka kwa ubavu, akateleza mpaka ukutani. Aliinuka, akamaliza, akawa karibu na mkia. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo wasichana wa nchi nyingine walikuwa wanaigizana, "Pooo! Pooo!" na kuanguka kwenye mabenchi kwa kicheko. Kocha wake, Bi Solange, alikusanya vitu kwa haraka.

Kwenye ukumbi wa nje mjomba alikuwa anamngojea na sahani ya viazi vya kukaanga. Watu wote wa basi wako nyuma yake.

"Umekula?" akamuuliza.

Loo, hapo ndipo alipolipuka. "Mmeniaibisha! Mmenitia aibu mbele ya dunia nzima, halafu unaniuliza nimekula? Nendeni mkapige makelele yenu kwenye baiskeli! Sitaki kuwaona tena kwenye barafu. Hata mmoja wenu!"

 Odiel aliirudisha honi nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekutwa na sukari mkononi.

"Sawa," akasema. "Sawa, binti."

Hiyo "sawa" ilimkaa Febe kooni tangu siku hiyo.

Mambo yake yalinyooka, tusidanganyane. Riga aliingia kumi bora. Bolzano alipanda jukwaani, wa tatu, wimbo wa taifa ukapigwa wa mwingine lakini bendera yake ilikuwepo pembeni. Mruko uliomwangusha Ostrava ukawa ndio silaha yake. Akaingia kwa wakubwa, magazeti yakaanza kuandika jina lake bila kukosea. Kila safari alikuwa yeye, mama yake na Bi Solange, na makofi ya watu wasiomjua, makofi ya adabu.

Akirudi nyumbani, hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mjomba Odiel alimwekea viazi na mchuzi wa nyama, akamuuliza kama amekula, akaendelea kufuta bilauri. Habari za mashindano hakuuliza. Barabarani jina lake lilikuwa linafutika chini ya malori ya mavuno, E ya mwisho ilishakwisha kabisa, na hakuna aliyekwenda na ndoo ya rangi.

Alitaka kuomba radhi. Mara ngapi aliingia baa na maneno yamepangwa mdomoni! Lakini mteja anaita, au Cyriel anaanza kukohoa, naye anayameza. Visingizio tu. Kilichomzuia ni kiburi cha msichana wa miaka kumi na sita, na kiburi hicho kina shingo ngumu.

Akiwa na kumi na saba akapelekwa Graz, mashindano yake ya kwanza ya Ulaya. Ubelgiji ilimwambia wazi: ukiwa ndani ya kumi bora, utakwenda mashindano ya dunia, ukikosa, utakaa nyumbani. Siku ya kwanza alimaliza wa kumi na mbili. Alikuwa anateleza kama mtu anayepita jikoni kwa watu, akiogopa kuvunja kitu.

"Ningewaita," alimwambia mama yake kesho yake mchana, kabla ya mchezo wa mwisho. "Mama, mimi mjinga. Ningewaita kina mjomba waje."

Rozane alijiangalia kucha.

Febe akatoka kwa mlango wa nyuma kupata hewa. Kwenye maegesho, kati ya mabasi ya televisheni, kulikuwa na basi moja kuukuu lenye mapazia yaliyofungwa. Alilijua kwa kibonyeo cha ubavuni. Kwenye ngazi alikaa Gaby, dereva wao, mama mnene mwenye koti la manjano, mkate mdomoni. Walitazamana. Gaby alikaribia kupaliwa.

"We mtoto! Hujaniona! Mjomba wako ataniua!"

"Gaby, mnafanya nini hapa?"

"Tunafanya nini? Tunakuja! Tumekuja kote. Riga tulikuja, Bolzano tulikuja, basi likatufia milimani tukalisukuma. Ila tumekatazwa. Bendera hakuna, kukaa wawili wawili hakuna, kupiga makofi hakuna, eti utatusikia. Odiel anawakalisha watu juu ya viganja vyao! Anayetoa sauti anawanunulia wote bia. Cyriel na kikohozi chake hicho, kamaliza pensheni!"

"Mama anajua?"

"Tikiti unadhani anatukatia nani?"

Febe alicheka, halafu akalia, palepale kwenye theluji, na rangi za usoni alizopakwa kwa saa nzima zikamshuka mashavuni. Gaby akampa kitambaa kilichonuka mafuta ya gari.

"Honi mnayo?"

"Iko chini ya kiti chake. Kaifunga taulo. Anasema huenda siku moja ukaiulizia."

"Mwambie aingie nayo. Mwambie naomba. Apulize nikimaliza, Gaby, si kabla!"

"Na sisi tutajuaje umemaliza? Mara ya kwanza ndiyo hivyo tena."

"Muziki ukinyamaza," Febe akasema, akakimbilia ndani.

Aliposimama katikati ya barafu aliwatafuta kwa macho. Akawaona, mmoja mmoja, wametapakaa juu kabisa, wamevaa makoti meusi kama watu wa msibani. Mjomba Odiel alikuwa na mfuko mapajani. Kifua cha Febe kikafunguka. Muziki ukaanza, akaondoka, na safari hii hakuogopa kuvunja kitu. Aliruka, akatua, akaruka tena. Bi Solange pembeni alikuwa anaruka naye bila kujijua.

Sasa muziki wa Febe ulikuwa na mahali ambapo kinanda kinanyamaza. Kabla ya mruko wa mwisho, ule ule mkubwa, sauti inakatika kabisa, naye anateleza kinyumenyume katika ukimya. Ameufanyia mazoezi mwaka mzima. Alikumbuka hilo akiwa tayari kinyumenyume, mguu tayari nyuma, na akaona huko juu mjomba wake anasimama.

"Mungu wangu," akasema.

POOOOOO!

Ukumbi mzima uliruka. Mwamuzi mmoja aliangusha kalamu. Na Febe, kicheko kikiwa kimemshika tumboni, akaruka, moja, mbili, tatu, akatua kwa mguu mmoja, imara, mdomo wazi, anacheka. Kinanda kikarudi, akamaliza, na badala ya kuwainamia waamuzi kwanza aliwageukia watu wa juu akanyanyua mikono yote miwili, kama mwendesha baiskeli aliyevuka mstari. Wale wa makoti meusi wakaelewa. Wakavitoa viganja walivyovikalia, wakapiga makofi.

Alama zilimweka wa kumi. Bi Solange alimkumbatia kwanza, akaanza kugomba baadaye.

Kwenye basi wote waliinamia mikate yao. Febe alipanda na begi lake, viatu vya barafu vimening'inia shingoni. Odiel alikuwa kiti cha nyuma kabisa, honi imeshafungwa taulo, uso umemwiva.

"Mjomba."

"Si ulisema muziki ukinyamaza?"

"Nilisema."

"Ulinyamaza, Febe. Gaby shahidi. Nilihesabu kabisa, nikasema huu umenyamaza."

"Ulinyamaza, mjomba. Kosa langu." Akashika kiti cha mbele yake, maana basi lilikuwa limeanza kuondoka. "Na la Ostrava, yale maneno. Nisamehe. Nisameheni nyote."

 Odiel aliangalia nje, akapangusa kioo ambacho hakikuwa na ukungu. Mzee Cyriel akakohoa kwa raha zake, kikohozi cha miaka mitatu, na hakuna aliyemdai bia.

Febe akaketi karibu na mjomba wake, akachukua mkate wa nyama kwenye karatasi ya Gaby, akaukata katikati.

"Umekula?" akamuuliza.