Kisu Cheusi cha Baba

Usiku kucha mama hakupata hata lepe la usingizi. Bintiye alikuwa akijaribiwa kazi kwenye jiko la hoteli, jiko la mjomba wake, mpishi mkuu, na kikapuni alikuwa amebeba kisu cha marehemu babu yake. Kila mlango uliogongwa mtaani ulimshtua mama. Ameajiriwa? Ameungua? Mbona hapigi simu?

Alfajiri binti akaingia, macho mekundu. Aliweka mezani furushi la kitambaa kibichi.

Mama alilifungua, akaguna. Kisu kilikuwa kimesuguliwa mpaka kikawa cheupe, na juu ya weupe huo kutu imeota kama ukurutu.

"Nani kakifanya hivi?"

"Mjomba. Alisema mbele ya wote kwamba kisu changu ni kichafu, kama kimeokotwa jalalani. Akanipa waya wa sufuria, nikisugue, nikiloweke. Halafu akaniambia niende nyumbani."

"Na wewe ukasugua?"

"Ni bosi, Mama. Ningesemaje?"

Damu ilimchemka mama. Si kwa sababu ya kutu, kutu hutoka. Ni kaka yake! Kaka yule yule aliyekuwa akigombana naye utotoni nani apake mafuta kisu cha baba, kila bucha yake ilipofungwa. Aliyechapwa mpaka akalala kifudifudi kwa kukisahau kwenye beseni la maji. Anajua fika kwamba weusi ule ni ngozi ya chuma kile, umejengwa na miaka ya nyama na vitunguu, na ndio unaozuia kutu. Leo kavaa kofia ndefu, hakijui!

"Kofia imembana ubongo yule," alisema, akivuta kigoda.

Alichukua jivu laini na nusu kitunguu, akasugua taratibu, kila mara akienda mbali na makali. Akasuuza, akakausha, akakausha tena.

"Hapa kwenye mpini ndipo maji yanapojificha. Tazama."

Alikipasha kidogo juu ya jiko, akadondosha tone la mafuta, akalipangusa mpaka likawa kama halipo.

"Ukijaza mafuta yanaganda, yananata kama gundi. Hatumpambi bibi harusi hapa."

Binti akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Ndipo mlango ukagongwa.

"Dada, fungua. Ni mimi."

"Mimi nani? Mwenye kofia au mwenye adabu?"

"Dada jamani, majirani wanasikia."

"Wacha wasikie! Mwanangu ulimtukana chumbani kwani?"

Kaka akashusha sauti. "Msichana ana mkono wa kukata, sijaona kama ule. Nampa kazi, aanze leo. Ila kile kisu akiache nyumbani. Wenye hoteli wanataka vitu vinavyong'aa."

Mama alishika komeo. Kazi hii wameitafuta mwaka mzima. Neno moja la hasira, imeyeyuka. Akatafuta neno la upole. Lakini bintiye alimtangulia.

"Shikamoo, Mjomba. Nakuja na kisu cha babu, au siji."

Mama alitaka kumziba mtoto mdomo na kumkumbatia, yote kwa mpigo. Nje viatu vilisogea, kama vya mtu anayeondoka. Vikasita. Vikarudi.

"Kimekauka sawasawa?" sauti iliuliza, chini kabisa. "Msikitie kwenye ala ya ngozi, inavuta unyevu. Baba alikuwa..." Akakohoa. "Kifungeni kwenye gazeti kavu. Tunachelewa."

"Kumbe unakijua, mnafiki wee!" mama akafoka, huku akivuta komeo.