Mtoto wa Pongo Kwenye Mbio za Kanisa

Mwihaki alikuwa fundi wa nguo pale Dagoretti Corner, na kukimbia ndiko kulikomnyoosha mgongo baada ya kuinamia cherehani siku nzima. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka aliingia kwenye msitu wa jirani, akazunguka, akatoka jasho likimchuruzika na moyo umetulia. Basi kanisa lao la mtaa wa Satellite lilipoamua kuandaa mbio za kuchangia ukumbi wa vijana, mwenyekiti wa kamati, Janice, alimkabidhi kazi ya kupanga njia.

"Wewe unajua huko msituni kama jikoni kwako," Janice alimwambia.

Wiki ya mbio, Mwihaki akifunga utepe mwekundu mitini, askari wa msitu aitwaye Were alimsimamisha karibu na kijito. Akamwonyesha kichaka kwa kidole. Ndani yake alikuwa amelala mtoto wa pongo, yule swara wa msituni mwenye madoa meupe. Masikio ameyalaza, ametulia tuli, utadhani hapumui.

"Mama yake ameenda kula," Were alinong'ona. "Humficha hapa, halafu anarudi kumnyonyesha. Lakini watu wakijaa, ataogopa kurudi."

Mwihaki akafungua utepe wote wa upande ule na kuipandisha njia mlimani. Jioni akampigia Janice kumweleza.

"Huko juu ni mawe matupu, Mwihaki. Kina mama watavunjika miguu. Na watu wameahidiwa kijito, wanataka kupiga picha."

"Janice, tunamwachia mnyama nafasi siku moja tu."

"Haya, nimekusikia."

Mwihaki alidhani kusikia ni kukubali. Jumamosi alipofika, muziki ulikuwa ukinguruma langoni mwa msitu, na utepe ulikuwa umerudishwa kijitoni. Watu wa Janice walikuwa wameuhamisha alfajiri. Alimtafuta Janice, akaambiwa ameenda kumpokea mgeni wa heshima. Filimbi ikapigwa akiwa bado anauliza uliza.

Alikimbia hadi kwenye njia panda, akasimama katikati na kunyoosha mikono. "Pitieni juu! Huku chini kuna mnyama mchanga!" Wachache walimtii. Wengi walimpita wakicheka. Mmoja akamuuliza, "Kwani wewe uko timu gani?"

Aliporudi langoni, alikuta umati umemzunguka Muigai, kijana wa kwaya. Alikuwa amempakata mtoto wa pongo kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Nimemwokoa!" Muigai alisema akihema. "Ameachwa peke yake, haki ya Mungu. Hata hakukimbia nilipomshika."

Watu wakapiga makofi. Mtu akashika kipaza sauti na kumshukuru Mungu kwa vijana wenye huruma. Watoto wakanyoosha mikono kumpapasa yule mnyama, ambaye mbavu zake zilikuwa zikipanda na kushuka kwa kasi.

Mwihaki alijipenyeza hadi mbele. "Muigai, hajaachwa. Amefichwa. Mrudishe."

"Nimrudishe aliwe na mbwa, Auntie?"

Macho ya kijana yalikuwa na machozi. Hapo ndipo Mwihaki aliposhikwa na hasira isiyo na pa kwenda. Muigai angekuwa mkorofi, Mwihaki angemfokea na mambo yangekwisha.

Were alikuja, akamchukua yule mtoto, na pamoja na Mwihaki wakamrudisha kichakani. Wakajitenga mbali, wakangoja. Muziki uliwafikia hadi pale. Mwihaki akampigia Janice simu kumsihi apunguze sauti.

"Mgeni hajaongea bado," Janice alijibu. "Nitazimaje sasa?"

Baadaye, ng'ambo ya kijito, majani yakatikisika. Pongo jike akatokeza kichwa. Alikuwa amesimama hivyo, masikio wima, kundi la wakimbiaji wa mwisho lilipoteremka likicheka, simu mkononi. Pongo akabweka mara moja, akatoweka.

Jumapili jioni Were alipiga simu. Mama hakurudi. Mtoto alikuwa amelegea, ikabidi apelekwe kwa watu wanaolea wanyama yatima kwa chupa.

"Ataishi?"

"Pengine. Lakini msituni harudi tena, akishazoea watu."

Kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, picha ya Muigai na yule mnyama ilikuwa imejaa mioyo myekundu. Mwihaki aliandika maelezo marefu, akayasoma mara mbili kabla ya kutuma. Mtu mmoja akajibu, "Amina." Ujumbe uliofuata ulimtaka aliyebeba sufuria kubwa ya kanisa airudishe.

Siku chache baadaye Janice alikuja dukani na gauni la kupunguzwa. Alisimama mbele ya kioo, Mwihaki amepiga magoti akibana upindo kwa pini.

"Najua umekasirika," Janice akasema. "Lakini si mnyama yuko hai? Na mwaka ujao hatutarudi pale. Tumepata msitu mwingine, upande wa Uthiru, mtulivu kabisa. Hakuna watu."

Mwihaki aliinua uso. "Janice, wanyama wamekimbilia huko kwa sababu hakuna watu."

"Sasa tukimbilie wapi sisi? Barabarani tugongwe na magari?"

Swali lilikuwa la haki, na hilo lilimuudhi zaidi. "Sijui," akasema. "Lakini njia sitapanga mimi."

"Basi itapangwa na mtu asiyejua chochote."

Mwihaki alimwambia ageuke, akaendelea kubana upande wa nyuma.