Kondoo Niliyemwanika Uani

Hobi yangu ni kukusanya makoti ya zamani ya marubani wa vita, yale mazito ya ngozi ya kondoo. Huyaokota kwenye mitumba ya Sirari. Jumamosi iliyopita nililipaka moja mafuta, nikaligeuza manyoya nje na kulianika kivulini lipate hewa.

Baba mkwe akatutembelea kutoka Nyambureti. Baada ya shikamoo, akatupa jicho kwenye kamba kule uani.

"Ile ni ngozi ya kondoo?"

"Kondoo halisi, baba!" Nilifurahi, maana hakuna aliyewahi kuyajali makoti yangu.

"Tena mkubwa. Umeniheshimu sana. Niwaite na wadogo zangu wa hapa Kewanja?"

"Waje wote!" nikasema, kichwa kimevimba.

Wakaja, wakanawa mikono. Mke wangu akafunua bakuli: dagaa. Wazee wakatazamana.

"Mkwe," baba akauliza kwa upole, "nyama ya yule kondoo iko wapi?"

Nilikwenda uani. Nikalianua koti, nikaligeuza, nikalivaa mbele yao.

Baba mkwe akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Jamani, tuleni dagaa. Kondoo wa mkwe wangu ana zipu!"