Kichwa Ndani ya Mafuta ya Mwerezi

Mume wangu Kintusmo alizaliwa mfuga nguruwe, na laiti angebaki hivyo. Aliponioa alikuwa na masharubu yaliyotangulia midomo kuingia kwenye pombe, na nywele alizozikausha kwa maji ya chokaa hadi zikasimama kama za shingo ya farasi. Alinuka moshi na nyama ya chumvi. Harufu hiyo niliipenda.

Tulioana kwa desturi yetu. Yeye aliweka nguruwe wake, mimi nikaweka wangu, wakachanganywa, na ambaye angemzika mwenzake ndiye angechukua wote. Juu ya hao nilileta sanduku la baba yangu, Atepo. Ndani yake, katika mafuta ya mwerezi, mlikuwa na kichwa cha Mrumi ambaye baba alimuua vitani, kwenye kivuko cha mto. Baba alikitoa kuwaonyesha wageni wa heshima tu. Aliwahi kuahidiwa dhahabu ya uzito wa kichwa hicho, akakataa.

Warumi wakashinda hata hivyo, wakatushusha kutoka mji wetu wa mlimani hadi bondeni. Huko ndiko Kintusmo alikoanza kuoza. Kwanza alinyoa masharubu. Mdomo uliotokea chini yake ulikuwa mweupe na wenye unyevu, kama funza aliyefunuliwa chini ya gogo. Akajifunza kujipaka mafuta mwili mzima na kujikwangua kwa chuma, na ule ukoko wa jasho akaupangusia ukingoni mwa bakuli langu la kukandia unga. Nyama yangu akaimwagia mchuzi wa matumbo ya samaki yaliyooza juani.

"Onja, mama Senila. Huu ndio ustaarabu."

"Ustaarabu wako unanuka choo, baba Senila."

Alitaka jina la Kirumi, na wa kumpatia alikuwa Pakonio, mkubwa mmoja wa Kirumi. Akamwalika chakula. Nilichoma paja la nguruwe dume, fungu la shujaa. Pakonio alichanganya divai yake na maji. Kintusmo akainywa kavu kama tunavyokunywa sisi, na kila kikombe kilimrudisha mlimani.

"Mke wangu! Lete sanduku!"

Nikamnong'oneza, "Una wazimu? Huyu si mgeni wa kuonyeshwa hilo."

"Nimnyime heshima mgeni wangu?"

Akalifuata mwenyewe. Akakinyanyua kichwa kwa nywele, mafuta yakachuruzika juu ya mkate wa mgeni.

"Tazama, mheshimiwa! Mwenzenu huyu! Mwanamume kwelikweli! Nilimkata mimi mwenyewe pale kivukoni!"

Wakati wa vita ile alikuwa bado anakojoa kitandani kwa mama yake.

Pakonio alitazama yale macho yaliyosinyaa, akatapika. Paja, divai, vyote vikarudi mezani kwangu.

Kintusmo aliyatazama matapishi, kisha akanitazama mimi.

"Ni cha mke wangu, mheshimiwa. Mshenzi huyu! Nilitaka tu uone ninavyoteseka humu ndani."

Hata jua halijazama, alikuwa amenitupa nje. Nguruwe wakabaki kwake. Alisema desturi za mlimani zimekufa, sasa ni sheria ya Kirumi. Ni sanduku tu ambalo hakulitaka, nami nikalibeba hadi kwa kaka yangu Senorigi, aliyekataa kushuka mlimani.

Haukupita muda, Kintusmo akaja akihema, kidevu kinang'aa kwa mafuta.

"Mama Senila, nipe kile kichwa. Pakonio anataka kumfanyia mwenzake mazishi. Nikimpelekea, jina napata."

"Nirudishie nguruwe wangu. Na umwambie, mimi nikisikia, kwamba nilikukataza kukitoa sandukuni."

"Nikimwambia hivyo jina nitapata wapi? Na nguruwe, unajua, sheria..."

"Basi nenda kakate kingine. Si wewe simba wa kivukoni?"

Kaka alicheka hadi pombe ikamtokea puani. "Shemeji, ukienda chukua kisu! Huo mwiko wa kujikwangulia haukati shingo!"

Kintusmo akaanza kulia. Machozi yaliteleza juu ya ule mdomo wa funza, hapakuwa na masharubu ya kuyazuia, yakaingia kinywani naye akayameza. Nilikuwa nimelala na kitu hiki, nimekizalia.

Nikafunga mlango. Akagonga, akabembeleza, akaniita kwa jina la usichana wangu. Nikaliburuta sanduku, nikaliegemeza mlangoni kwa ndani, nikalikalia mpaka alipoacha kugonga.