Fundi wa Turbo na Masikio ya Kuazima

Saa nne asubuhi, gari dogo jekundu la milango miwili linatoka taratibu kwenye geti la gereji, kama bibi harusi anayeogopa kukanyaga gauni. Kwenye usukani ameketi mwanamume mwenye ovaroli iliyopauka magotini. Kando yake yupo mkewe, amefunga kitambaa kichwani, na kwenye sikio lake la kulia amechomeka mpira mwembamba mweusi.

Mpira huo unatoka dirishani, unapita chini ya boneti na kuishia kwenye kibomba cha shaba kilichofungwa kwa bolti ubavuni mwa injini. Mkono wa kushoto wa mwanamke umelala juu ya dashibodi, kiganja chini.

Barabara ya nyuma ya maghala imenyooka na haina watu. Gari linakwenda hadi mwisho wake, linageuka, kisha linarudi kwa kasi. Likikaribia geti, mluzi mwembamba unapanda kutoka kwenye injini, unakata hewa na kupotea. Mume anamtupia mkewe jicho. Kiganja bado kimelala. Wanarudia tena, na baada ya hapo mke anaukandamiza mpira sikioni na kuomba mara ya tatu.

Mume anatoka akiwa na tabasamu. “Imekubali,” anasema, akiifuta mikono kwa tambara.

Mafundi wenzake wanamwita Mluzi, kwa sababu hiyo ndiyo sauti ya kazi yake. Ana umri wa miaka hamsini na tatu, na zaidi ya nusu ya umri huo ameutumia kufunga turbo kwenye magari ya watu wasiopenda kupitwa. Mwandishi alifika kwake kutaka kujua jambo moja tu: gari la spoti linafanywaje liruke papo hapo mguu unapogusa mafuta, na bado liwe na nguvu likifika kasi ya juu.

“Kila mteja anataka vyote viwili,” anasema Mluzi. “Na vyote viwili havikai nyumba moja kwa amani.”

Anaeleza kwa mikono. Turbo ni feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unaizungusha ya kwanza, na hiyo inaizungusha ya pili, ambayo kazi yake ni kuisukumia injini hewa nyingi. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi yanaungua, nguvu inaongezeka. Turbo ndogo ni nyepesi, moshi kidogo tu unaiamsha, lakini gari likikimbia sana inaishiwa pumzi. Turbo kubwa ina kifua, ila inachelewa kuamka. Unakanyaga mafuta, unasubiri, unakaribia kukata tamaa, ndipo inakurusha mbele.

Gari hili jekundu ni la daktari wa meno, mtu mpole anayependa kasi kuliko anavyokubali mbele ya mkewe. Mluzi alimtengenezea turbo ya mchanganyiko: upande wa hewa aliweka feni kubwa, upande wa moshi akaweka nyumba ndogo ya kuifunika feni, ili uamke upesi. Wenzake wanacheka kwamba yeye ndiye mume pekee mjini ambaye nyumba ndogo yake imefungwa bolti na mke wake wa ndoa. Mkewe naye hucheka. Bolti zile kweli amezifunga yeye.

Ila kuna sauti moja ambayo fundi wa turbo lazima aisikie, na hiyo si mluzi. Hewa ikisukumwa kupita kiasi, mafuta hulipuka ndani ya injini kabla ya wakati wake. Hapo injini hutoa mlio mdogo mkavu, kama kokoto zikitikiswa ndani ya kopo. Ukiusikia na kuachia mafuta mara moja, injini imepona. Ukiuacha uendelee, pistoni zinatoboka.

Mluzi hausikii. Hajausikia kwa miaka sita.

Hilo mwandishi hakuambiwa kwanza na mtu, alilibaini mwenyewe. Maswali yaliyoulizwa upande wa kulia wa Mluzi yalijibiwa kwa kutikisa kichwa, hata yale yasiyofaa kujibiwa hivyo. Mkewe ndiye aliyekuwa akisogea karibu na sikio la kushoto na kuyarudia. Wateja wengi, alieleza baadaye, wanadhani mumewe ana maringo. Wameamua kuwaacha wadhani hivyo. Fundi mwenye maringo anapata kazi. Fundi kiziwi wa injini nani atampa gari lake?

Mluzi alikwenda hospitali mara mbili. Aliambiwa kwamba kelele za miaka mingi zimemla masikio, kwamba sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, na kwamba kifaa cha kuvaa sikioni kingemkuzia sauti zilizobaki lakini kisingemrudishia zilizokwenda. Bei ya kifaa ilizidi ya kompresa yake. Akarudi kazini.

Mwandishi alimuuliza kwa nini hakuwahi kuziba masikio. Swali hilo Mluzi alilisikia mara ya kwanza.

“Fundi wa turbo aziba masikio?” alisema. “Ni kama mpishi ajishone mdomo. Nilikuwa nainama pale pale, gari linanguruma, naisikiliza. Nilijiona bingwa.”

Vijana wa siku hizi hutumia kompyuta. Wanaichomeka kwenye gari, nayo inaukamata mlio wa kokoto na kuupunguza msukumo yenyewe. Mluzi hana neno baya juu ya kompyuta. Anasema angekuwa nayo asingemsumbua mke wake. Zamani alipokea hadi magari matano kwa mwezi. Mwaka huu, ulipofika mwezi wa nane, alikuwa amepokea matatu. Yote ni magari ya zamani, ambayo hayana pa kuichomeka hiyo kompyuta.

Ndiyo maana mkewe, aliyekuwa akishona mapazia nyumbani, aliacha cherehani akaingia gereji. Mluzi alimpa mpira, akamfundisha mlio kwa kutikisa kokoto kweli ndani ya kopo la rangi. Kiganja kikilala kwenye dashibodi, injini ni salama. Akikunja ngumi, mume anaachia mafuta. Kwa miaka sita lugha yao barabarani imekuwa hiyo, na katika miaka hiyo hakuna injini iliyowafia.

Daktari wa meno alifika saa nane mchana kuchukua gari lake. Alitaka kulijaribu akiwa na fundi. Gari la spoti lina viti viwili tu. Mke wa Mluzi alisimama mlangoni akiwa ameushika mpira wake, akasema kwa upole kwamba labda yeye na mumewe walizungushe mara moja zaidi kwanza. Daktari alicheka akamwambia mama asiwe na wasiwasi, hataliiba. Mluzi aliliona tabasamu la mteja, akatabasamu pia, akaingia upande wa abiria.

Wakaondoka. Mwandishi alibaki getini na mke, na hapo ndipo mke aliposimulia habari za hospitali, cherehani na kopo la kokoto, macho yake yakiwa barabarani muda wote. Alikuwa akijibu kila swali na hakuna hata moja alilokuwa akilifikiria.

Gari halikurudi kwa mluzi. Lilirudi kwa kamba, likivutwa na lori la mchanga, daktari akiwa kwenye usukani na Mluzi akitembea kandokando kama mtu anayesindikiza jeneza.

Yaliyotokea barabarani aliyasimulia mwenyewe siku iliyofuata, baada ya kusema kwamba sasa mwandishi aandike lolote, hana tena cha kuficha. Daktari alilipenda gari, lakini akalalamika kwamba bado linachelewa kidogo kuamka. Alionyesha kwa vidole: kidogo tu, hivi. Mluzi angeweza kumwambia warudi gereji. Badala yake alimwomba asimame, akafungua boneti palepale kando ya barabara, akaikaza nati ya kijiti kinachoshika vali ya turbo. Vali ile ndiyo inayoachia moshi wa ziada upite pembeni. Ukiikaza, moshi wote unabaki kuizungusha feni, turbo inaamka haraka, na msukumo unapanda.

“Mizunguko miwili,” alisema, akiviangalia vidole vyake. “Mimi nawafundisha watu kwamba ukigusa ile nati lazima usikilize upya. Nikaigusa, sikio langu nimeliacha getini. Niliona aibu. Ningemwambiaje daktari kwamba lazima nikamchukue mke wangu?”

Gari liliruka kama daktari alivyotaka. Likaendelea kuruka mpaka moshi mweupe ukafunika kioo cha nyuma.

Mwandishi alimpigia daktari wa meno simu. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni ya mtu aliyeumizwa na rafiki. Alikiri kwamba alikuwa ameusikia mlio kabla injini haijazima, mlio mkavu wa kugongagonga. Hakusema kitu kwa sababu fundi alikuwa amekaa kando yake ametulia tuli. “Nilidhani ndiyo nguvu yenyewe,” alisema. “Nikaongeza mafuta.”

Habari ya gereji haihitaji gazeti ili isambae. Ndani ya wiki moja wateja wawili waliokuwa wameahidi kuleta magari yao waliacha kupokea simu. Jirani mwenye duka la vipuri, aliyekuwa akimkopesha bila maneno, sasa anauliza kwanza. Binti yao mkubwa, ambaye ameolewa mji mwingine, amewataka wafunge gereji wakakae kwake. Mluzi alipoambiwa hilo alitikisa kichwa, na safari hii haikujulikana kama alikuwa amesikia.

Mwandishi aliporudi kwa Mluzi, gereji ilikuwa kimya kwa namna inayoumiza. Injini ya gari jekundu ilikuwa mezani, imefunguliwa. Pistoni ya pili ilikuwa na tundu ambalo ungepitisha kidole. Mluzi aliinyanyua, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akairudisha mezani kwa adabu. Alikuwa amekonda. Alisema hali chakula vizuri, na usingizi anauona kwa wengine.

Aliulizwa kama ana hakika kwamba kosa lilikuwa ile mizunguko miwili.

“Itakuwa nini kingine?” alijibu. “Asubuhi tulilipima mara tatu. Lilikuwa zima.”

Hata hivyo, ana mpango, na aliueleza akiwa amenyooka mgongo kwa mara ya kwanza siku hiyo. Ameuza mashine yake ya kuchomelea ili anunue pistoni. Ataijenga injini hii upya kwa mikono yake, ataifunga turbo ileile, atairudisha nati mahali ilipokuwa asubuhi ile, wala asiiguse tena. Na kwenye kile kiti cha pili hatakaa mteja, hatakaa mwandishi, hatakaa mtu yeyote isipokuwa mkewe. Daktari akilipata gari lake likiwa zima, huenda atasema neno jema mahali fulani. Akishindwa safari hii, anafunga gereji.

“Mimi masikio sina, lakini yeye anayo,” alisema, akimwelekezea mkewe kidevu. “Hayajawahi kunidanganya.”

Kisha akageuka, akaiinamia injini, akiwapa mgongo mkewe na mwandishi.

Mwandishi alimuuliza mke kazi itamalizika lini. Mke hakujibu. Alikuwa akisugua kifuniko cha turbo kwa brashi, sikio lake la kulia likiwa upande wa mwandishi. Swali liliporudiwa, alishtuka, akageuza kichwa chote na kuleta sikio la kushoto.

Walitazamana. Mke ndiye aliyeangalia chini kwanza.

Sikio hilo lilianza kumsumbua mwaka jana, alisema. Kwanza lilikuwa likivuma usiku, akadhani ni mafua. Mpira hakuuhamishia sikio la kushoto, kwa kuogopa kwamba mumewe angeuliza. Hakushusha sauti wala hakusogea mbali na mumewe, aliyekuwa hatua chache tu kutoka hapo akipanga bolti kwenye sahani.

“Asubuhi ile nililaza kiganja kwa sababu sikusikia kitu,” alisema. “Ndiyo maana nikaomba turudie. Na mara ya tatu sikusikia kitu. Sasa mimi sijui, mwandishi. Sijui kama hakukuwa na kitu, au kilikuwepo nami sikukisikia. Yeye kila siku anailaani ile nati, nami namwangalia.”

Mwandishi alimuuliza kwa nini hajamwambia.

“Nimwambieje? Nikinong'ona hasikii. Nikisema kwa sauti ya kumfikia, mtaa mzima utakuwa umejua.”

Mwandishi alifunga kalamu na kumwambia kwamba hayo yanaweza kubaki hapohapo, yasiingie kwenye makala. Mke alimtazama mumewe akiipuliza vumbi pistoni mpya na kuishika kwa mikono miwili.

“Hapana, andika,” alisema. “Gazeti huwa anasoma mwenyewe.”