Mbega Walipopita Uani kwa Babu

Juzi sokoni Nateete niliona magunia ya makaa yamezibwa midomo kwa majani mabichi. Harufu yake ikanirudisha mlimani, nyumbani kwa babu.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, mbega walishuka kutoka msituni na kukatiza uani kwetu, watoto wameng'ang'ania matumbo ya mama zao. Mbega ndiye mnyama wa ukoo wetu. Kumla ni mwiko. Nikadhani wamekuja kutuamkia, nikapiga makofi.

"Jajja, ndugu zetu wamekuja!" nilimwita babu.

Nyuma yao mashoka yalikuwa yakilia, na moshi wa matanuri ya makaa, niliodhani ni ukungu, ulikuwa ukipanda.

"Hawakuja kwetu, mjukuu wangu," babu alisema. "Wanahama, na hawana pa kwenda."

Juzi nilinunua gunia moja. Kwangu hakuna kingine cha kupikia.