Bunduki ya Siku ya Maji

Mvua ya kiangazi kile ilinyesha kwa saa tatu tu, mchana kweupe, lakini ilitosha kujaza cave ya jengo letu kule mtaa wa Molenbeek, Ubelgiji, yaani chumba cha chini ya ardhi ambamo kila familia ina kijumba chake cha mbao cha kuwekea mizigo. Umeme ulikatika siku mbili. Siku ya pili mtu asiyejulikana akavunja makufuli yote, akabeba baiskeli za majirani. Kwetu hakupata cha maana: valizi tatu za safari zilizolowa na friji iliyokufa zamani.

Mimi nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule niliiachia njiani, nilifagia nywele kwa kinyozi mmoja wa mtaa wa Matonge, barabara ya chaussée de Wavre, na kichwani nilikuwa tayari na saluni yangu mwenyewe: vioo vitatu, redio, maua kwa dirisha. Mtu mwenye saluni nzuri hivyo kichwani hababaishwi na kufuli. Papa hakucheka. Alisimama kwenye ngazi ya mwisho, maji yamemfika magotini, ameshika kufuli letu lililopinda.

"Njo vile inaanzaka," akasema. "Kwanza mulima, ao maji. Nyuma yake, batu."

"Papa, ni wezi wa vélo tu."

"We ulikuwa mutoto. Haujue."

Kweli nilikuwa mtoto. Tulipokimbia volkano pale Goma nilikuwa darasa la kwanza. Ninachokumbuka mwenyewe ni joto la barabara chini ya sandali, na mkono wa maman ukinivuta. Mengine nilisimuliwa, na papa alisimulia kwa namna moja tu, haikubadilika hata neno: moto haukufika kwetu, nyumba haikuungua, lakini tuliporudi tulikuta kuta. Waporaji walibeba vitanda, sufuria, hadi mlango. "Moto ilituhurumia," alimalizia kila mara. "Batu hapana."

Jumamosi iliyofuata aliingia na katalogi ya bunduki chini ya kwapa, imefungwa ndani ya gazeti kama samaki. Akaiweka mezani, akaniita nimsomee maandishi madogo. Kule kwetu papa alikuwa fundi wa magari. Hapa alikata nyasi na kupogoa miti kwenye bustani za matajiri wa mtaa wa Uccle. Mkono wake bado ulikuwa wa fundi, na bunduki aliichagua kama anavyochagua injini.

"Hii iko na vipande mingi," akasema, anafunua ukurasa. "Chombo ya vipande mingi itakukatala siku yenye unaihitaji. Endelea. Hii inasema aje?"

"Inasema chuma yake haishiki kutu."

"Bon. Piga alama. Uzito?"

"Trois kilos."

Akachukua ufagio wa jikoni na kuufungia chupa mbili za maji za lita moja na nusu, kilo tatu kamili. Akanipa niuweke begani. Nikauweka, nikatembea korido nzima kama askari wa gwaride, nikapiga saluti mbele ya friji. Halafu akamwita maman.

"Maman, jaribu na weye. Siku maji inakuja nitakuwa kazini, ni weye utakuwa hapa."

Maman alikuwa anasonga ugali. Alitazama ule ufagio na chupa zake.

"Na ile siku nani atafagia?" akauliza, akarudi kwenye sufuria.

Nilicheka hadi nikaegemea ukuta. Nilipomwangalia papa nikaona anangoja nimalize. Hakukasirika. Alikuwa anangoja tu, na kicheko kikaniishia mdomoni.

Tukaenda dukani. Muuzaji alikuwa mzee wa Kibelgiji, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, mpole kama daktari wa meno. Akauliza kwa Kifaransa tunawinda nini. Papa akajibu kwamba hatuwindi. Mchezo wa shabaha? Hapana. Ni ya nyumbani, kwa siku ya maji. Mzee yule hakushangaa, au alificha. Alitoa bunduki moja ya mti na chuma, ile ya kuvuta kitasa kwa mkono baada ya kila risasi. Akasema ni ya zamani, haina mambo mengi, na haikwami. Papa alivuta kitasa kile, akasukuma, akavuta tena, kichwa kimeinama anasikiliza sauti yake. Uso wake ulitulia. Sikuwa nimeuona umetulia hivyo tangu mvua.

"Njo hii," akaniambia.

Muuzaji akaeleza kwamba hawezi kumpa leo. Kuna ruhusa ya kuomba: cheti cha daktari, mtihani, na barua ya sababu. Kwa sababu ya kujilinda wengi hukataliwa, ila kila mtu ana haki ya kuomba. Halafu, akasema, polisi watapita nyumbani, maana kila mtu mzima anayeishi humo lazima asiwe na pingamizi. Mmoja akikataa, basi imekwisha.

Papa akatabasamu. "Hapo hakuna problème. Ni bibi yangu na huyu mutoto."

"Huyu mtoto ana miaka mingapi?" mzee akauliza, akinitazama juu ya miwani.

"Dix-neuf," nikasema: kumi na tisa.

"Basi naye ataulizwa."

Kwenye kituo cha metro tukirudi, papa alinunua gofri mbili, zile keki za sukari, akanipa ile kubwa.

Barua ya sababu niliiandika mimi, papa akitembea nyuma ya kiti na kunipa maneno. Ilikuwa ni ile hadithi ya kuta, mlango na sufuria. Niliandika vizuri nilivyoweza, nikajionea fahari. Maman alikuwa anapita na kurudi na nguo. Tulipofika pale pa "batu hapana" aliingia bafuni, akafunga mlango.

Siku mbili baadaye aliniita nimsaidie na blanketi. Lilikuwa ndani ya valizi moja ya cave, limenywa matope: lile blanketi zito lenye picha ya chui, ambalo nililala nalo utoto wote na bado nilikuwa nalipenda kwa siri. Alikuwa ameliosha mara mbili ndani ya beseni la kuogea. Kulikamua kunataka watu wawili. Yeye akashika upande wake, mimi wangu, tukasokota kila mmoja kwa mwelekeo wake, maji yakamwagika.

"Unajua ilitoka wapi?" akauliza.

"Goma."

"Goma, ndiyo. Kwetu hapana."

Akaendelea kusokota, haniangalii. Siku ya pili ya kukimbia, akasema, mvua ya majivu ilinyesha, nami nikashikwa na homa, ninatetemeka hadi meno yanagongana. Kando ya barabara kulikuwa na nyumba imeachwa wazi. Papa akaingia. Alipotoka na blanketi hili begani, mwenye nyumba alikuwa amerudi, mzee mmoja, amesimama uani peke yake, mikono mitupu. Wakatazamana.

"Alisema nini?"

"Baba yako aliniambia aliuliza kama ni ya mutoto. Akamujibu ni ya mutoto. Akapita karibu yake, akaanza kukimbia. Mi nilikuwa mbali barabarani na weye mugongoni, hiyo niliona."

Maji yalikuwa yamekwisha kutoka lakini tuliendelea kusokota.

"Na kwetu waliiba kweli?" nikauliza.

"Waliiba kweli. Zote mbili ni kweli." Akaachia upande wake. "Yule muzee, kama alikuwa na bunduki..."

Akachukua blanketi lote mikononi, akaenda kulianika.

Nikamuuliza polisi akija yeye atajibu nini. Alisema atajibu kile papa anachotaka, kwa sababu ameolewa naye miaka yote hiyo na anajua jinsi anavyolala, na kama chuma kile kitampa usingizi, basi. "Lakini mi sikuambie weye useme nini," akaongeza. "Weye njo ulifunikwa nayo."

Polisi wa mtaa wetu alikuja Jumatano baada ya chakula cha mchana, kijana mwenye begi lililojaa makaratasi. Papa alikuwa amevaa shati la kanisani. Maman alileta chai na mikate. Kwetu mgeni akimuuliza mtoto swali, mtoto humtazama kwanza baba yake, na mdomo wa mtoto hufuata uso wa baba. Niliishi hivyo miaka kumi na tisa na sikuwahi kuona ni kazi ngumu. Ile saluni yangu ya kichwani yenyewe ilikuwa bado haina ruhusa ya papa.

Maman aliulizwa, akasema hana pingamizi. Polisi akaandika. Akanigeukia.

Nilimtazama papa. Uso wake ulikuwa umeshajibu, umetulia kama pale dukani. Nikamtazama tena polisi, na kwa mara ya kwanza nikajibu bila uso wa mtu.

"Mimi nakataa."

"Unakataa?"

"Ndiyo, bwana. Naogopa atakayeingia atakuwa amefuata blanketi."

Polisi hakuelewa, akaandika neno moja tu. Alikunywa chai yake yote kwa adabu, akapeana mikono na kila mtu, akaondoka. Papa alikaa, mikono juu ya magoti. Maman aliondoa vikombe kimoja kimoja, kila kimoja na safari yake.

Nilingoja anifukuze. Nilikuwa nimeshahesabu rafiki gani ana godoro la ziada.

"Maman yako alikuambia," papa akasema mwishowe.

"Ndiyo, papa. Munisamehe."

"Alikuambia nilikimbia?"

"Ndiyo."

"Yeye alikuwa mbali, hakusikia." Aliongea polepole, anatazama kiti alichokalia polisi. "Nilikuwa nimeshafika barabarani, yule muzee akaniita. Aliita kwa nguvu, mara mbili. Nikajua ananifata. Nikakimbia sana. Nilipogeuka, alikuwa amesimama pale kwa kibaraza, ameinua kitu juu, ananionyesha."

Maman alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Ilikuwa mto," papa akasema. "Mto ya kitanda. Alitaka nirudi nichukue na mto."

Akainuka, akavua shati la kanisani, akalitundika. Halafu akaniambia nivae viatu vya zamani, twende cave tukapandishe valizi juu ya mbao kabla mvua nyingine haijaja.